Mke Aliyesimama Barafuni

Tulimsikia Tyra kabla hatujamwona. Alikuwa anacheka ndani ya lori la mizigo, kicheko kikubwa kinachotoka kifuani, kwa sababu kabati lake lilikuwa limefunguka njiani na vijiko vikamwagika kwenye theluji karibu kilomita nzima. Lori likasimama mbele ya nyumba ya Wikberg, ng'ambo ya barabara kutoka kwetu. Akashuka, akaniona nimeshikilia lango letu, akasema, "Shoga, ukiona kijiko kimeota mwezi wa tano, ujue ni changu."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, yeye ishirini na tano. Hapa Kvarnliden, kijijini kwetu kaskazini ya mbali, watu huchukua miaka kumi kabla ya kuingia jikoni mwa jirani. Tyra aliingia kwangu siku ileile, akaomba chumvi, akakaa mpaka giza.

Alifanya kazi ya upishi katika nyumba ya wazee. Alikuwa mnene kidogo, mwenye mikono myepesi, na hakuweza kukaa kitini dakika tatu bila kunyanyuka kutafuta kitu. Alipika huku akiimba, na aliposimulia jambo alilisimulia kwa mwili mzima, mabega, nyusi, mpaka magoti. Wazee walimpenda. Kulikuwa na mzee mmoja, zamani mkata magogo, aliyekuwa hajatamka neno tangu apatwe na kiharusi. Tyra alipopita na sinia la palt, yale madonge yetu ya viazi yenye nyama ya nguruwe ndani, mzee huyo alinyoosha mkono mzima akamchapa kofi la makalioni, kisha akasema waziwazi, "Nyingine." Tyra alikimbia jikoni akipiga kelele, "Amepona! Nimemponya na makalio!"

Mume wake alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Holger Wikberg alizunguka vijijini akisoma mita za umeme. Alikuwa mrefu, msafi, kucha zimekatwa sawasawa, na maneno yake yalikuwa machache. Hayo machache yalichoma. Mezani, mbele ya wageni, alikuwa akisema, "Tyra akipita, vikombe kabatini hushikana mikono." Tulicheka. Tyra alicheka kutushinda. Hawakujaliwa watoto, na hilo nalo Holger alikuwa na la kusema: "Mtoto gani atatulia kwenye tumbo la mwanamke huyu?" Hilo pia tulilicheka, ingawa wengine wetu tuliangalia sahani zetu.

Walikuwa wameishi hivyo miaka kumi na tisa wakati daktari wa mifugo alipofariki na mjane wake akauza vitu vyake. Holger alirudi na kamera nzito ya chuma, ya Kijerumani, pamoja na stendi ya miguu mitatu. Hiyo ilikuwa vuli ya mwaka 1974. Kila mtu alidhani atasubiri kiangazi.

"Kiangazi hata ng'ombe anaweza kupiga picha," alisema Holger. "Mimi nataka usiku."

Alianza Desemba, kule ziwani, penye jengo la kinu cha zamani cha kusaga nafaka. Usiku wa kwanza filamu ilikatika ndani ya kamera, maana kwenye baridi ile ilikuwa imekauka kama mkate wa juzi. Usiku wa pili mafuta ya ndani ya kamera yaliganda, jicho lake likafunguka na likakataa kufunga. Usiku wa tatu aliweka uso kwenye chuma achungulie, akaondoka ameacha ngozi ya ncha ya pua. Usiku wa nne aliingiza kamera moja kwa moja jikoni kwenye joto, ikatoka jasho ndani na nje, na alipoitoa tena jasho lile likawa barafu juu ya lenzi. Kila mara kosa lilikuwa la Tyra. Amewasha jiko mno. Amefungua mlango vibaya. Amemsemesha wakati anahesabu.

Lazima nimpe haki yake, mtu yule hakukata tamaa. Alimpelekea fundi wa saa kamera akaisafisha mafuta yote. Akajifunza kuzungusha filamu polepole, robo kwa robo. Akajifunza kuifunga kamera kwenye mfuko kabla ya kuingia ndani, na kuiacha ukumbini hadi asubuhi. Akagundua pia kwamba filamu huchoka gizani: ukidhani dakika mbili zinatosha, huenda inataka sita. Aliyaandika yote hayo. Mwishoni mwa Februari alitoka kwenye chumba chake cha giza cha kusafishia picha, kule chini ya nyumba, na picha ya ziwa chini ya mwezi. Theluji ilimeremeta kama maziwa, na kinu kimesimama cheusi ti. Ilikuwa nzuri. Siwezi kusema vinginevyo.

Akaipeleka mjini, kwenye chama cha wapiga picha. Mkubwa wa chama akaitazama kwa muda mrefu, akamrudishia. "Safi sana, Wikberg. Ila ni tupu. Weka mtu, jicho lipate pa kutua."

Jioni hiyo Tyra alikuwa anamenya viazi. Baadaye aliniambia kwamba Holger aliingia bila kuvua kofia, akasimama mlangoni, akamtazama kutoka juu hadi chini na kutoka chini hadi juu. "Nikadhani nimejipaka unga," alisema. "Kumbe ananipima."

Mara ya kwanza alisimama dakika nne tu, na alinipa habari zake asubuhi yake huku akijikunja kwa kicheko. Alikuwa amesimama barafuni, mbweha akapita nyuma ya mumewe, akanusa begi la kamera, akalikojolea. Nani angejizuia? Picha ilipotoka, mahali pa Tyra palikuwa na ukungu tu, kama mtu amefuta ubao kwa kiganja. Holger aliitundika sebuleni makusudi. Wageni wakija aliwaonyesha. "Mke wangu huyo. Hata kamera imemkataa."

"Mwambie hutaki," nilimwambia Tyra. "Mwambie akatafute kisiki."

Aliendelea kukanda unga. Kisha akasema, bila kicheko chochote, "Rakel, miaka kumi na tisa mwanamume huyu hajawahi kunitazama dakika nne mfululizo. Hata siku ya harusi. Sasa ananitazama."



Msimu wa pili dakika zikawa nane, halafu kumi na mbili. Holger alikataza buti za manyoya, maana kwenye picha zilimfanya Tyra aonekane kama dubu. Alimtaka avae viatu vya ngozi vya kanisani, vyenye soli nyembamba, na koti refu jeusi alilovaa siku ya kumzika mama yake. Akakataza skafu. Akakataza pia kupumua nje, kwa sababu mvuke ulimfunika uso. Tyra alitakiwa kushusha pumzi polepole ndani ya kola, kama mtu anayejificha. Na kwa kuwa bado aliyumba, Holger akatengeneza mti wa urefu wa kifua, akautobolea shimo kwenye barafu akausimika, akamfunga Tyra nao kwa mkanda wa ngozi ndani ya koti ili usionekane.

Mimi niliuona mti huo umeegemezwa kwenye ukuta wa banda lao. Nilimwuliza Tyra ni wa nini. "Ni wa kunisaidia," alisema. "Sasa sichoki mgongo."

Kijiji kilijua. Kijiji kidogo hujua kila kitu, hata rangi ya mapazia ya chooni. Watu waliokuwa wakitoka kuvua samaki kwenye mashimo ya barafu walimwona amesimama pale na koti lake jeusi, hatikisiki, na mume wake yuko mbali na kamera. Dukani wakaanza kumwita Mlingoti. "Mlingoti amekuja kununua chachu." "Mlingoti, leo huna waya?" Siku moja niko nyuma yake kwenye foleni, mwenye duka akamwuliza, "Tyra, ndege wakikutua kichwani unawafukuza au Holger anakukataza?" Watu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka pia. Tyra aligeuka akaniona.

Zamani angemrudishia yule mwenye duka mara tatu zaidi. Siku hiyo alilipia chachu akaondoka. Ndipo nikatambua kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimesikia kile kicheko kutoka ng'ambo ya barabara. Kazini nako walisema ametulia siku hizi. Walilisema kama sifa.

Picha ya dakika kumi na mbili ilishinda. Ilichapishwa kwenye gazeti la mkoa, nusu ukurasa: ziwa, kinu, mwezi, na mwanamke mdogo wa koti jeusi katikati ya weupe wote ule. Holger aliiita "Peke Yake". Tulifanya tafrija kwenye ukumbi wa kanisa, na Tyra ndiye aliyeoka keki na kugawa kahawa. Mchungaji aliuliza kwa adabu ni nani aliye kwenye picha.

"Kigingi," alisema Holger. "Nimekivika koti."

Ukumbi mzima ukacheka. Tyra alikuwa anammiminia mchungaji kahawa. Hakumwaga hata tone.

Sasa naja kwenye usiku wa Februari 1977, na hapa mimi mwenyewe nimo.

Holger alibisha kwangu kwenye saa moja jioni. Alikuwa mchangamfu, jambo ambalo sikuwa nimelizoea. "Shemeji, leo nataka dakika ishirini na tano. Mwezi ni nusu tu, kwa hiyo nyota zitachora mistari, na kinu nitakitia mwanga wa tochi. Nahitaji mtu wa kutembea na hiyo tochi ukutani wakati mimi niko kwenye kamera. Kazi ya dakika tano."

"Nje kuna nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, shemeji."

"Vaa vizuri basi."

Nilivaa vizuri. Nilivaa suruali mbili za sufu, buti za manyoya na kofia ya marehemu baba. Tulipofika ziwani Tyra alikuwa tayari amefungwa kwenye mti wake, na koti limevutwa juu ya mkanda. Nilimpitia karibu nikielekea kwenye kinu. Viatu vyake vya kanisani viling'aa. Alikuwa amevipaka rangi.

"Umekuja," alisema kwa midomo isiyosogea.

"Nimekuja kumulika."

"Mulika vizuri. Nataka iishe leo. Amesema hii akiipata, basi, hatanisimamisha tena."

Holger akapiga mluzi. Nikaanza kupaka ukuta kwa tochi, polepole, juu na chini, kama alivyonielekeza. Barafu ya ziwa ilikuwa inaguna, ule mgunio mrefu unaokwenda ufuko hadi ufuko. Nilipomaliza nikazima tochi, nikazunguka mbali kupitia msituni ili nisionekane kwenye picha, nikatokea nyuma ya kamera. Nilitegemea kumkuta Holger ameinama pale, jicho limeganda kwa mkewe.

Alikuwa ameketi kwenye ngozi ya paa wa kaskazini, mgongo ameuelekeza ziwani kwa sababu upepo ulitoka huko. Mkono mmoja ulishika saa, mwingine kikombe cha kahawa. Kamera ilikuwa wazi peke yake, inafanya kazi yake. Hakuna mtu aliyekuwa anamtazama Tyra.

"Keti," akasema. "Kumi na moja bado."

Nikaketi. Akanimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa, nikapokea. Ilikuwa ya moto na tamu. Nilishukuru, maana vidole vilianza kuniuma ndani ya glavu.

Sauti ikaja kutoka barafuni. Haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya mtu anayeogopa kusogeza uso.

"Holger. Sisikii miguu."

Nilimtazama Holger. Alitazama saa.

"Shemeji, ameita."

"Nimesikia. Dakika ya kumi na nane."

"Anasema hasikii miguu."

"Ipo," alisema Holger. "Itakwenda wapi?" Akapuliza kahawa yake. "Nikifunga sasa nitapata picha ya kinu na nusu ya nyota. Tyra ataniuliza tumekuja kufanya nini. Dakika saba siyo mwaka."

Tyra aliita mara ya pili, nafikiri. Au ilikuwa barafu. Nimejiuliza kwa miaka mingi ni kipi kati ya hivyo viwili, na siku zingine nafikia jibu moja, siku zingine jingine. Ninachojua ni kwamba kikombe changu kilikuwa kimeisha Holger aliposimama kuifunga kamera.

Nilikimbia. Mkanda ulikuwa umeganda, nikaukata kwa kisu. Tyra hakuanguka, alishuka taratibu kama koti linaloteleza kwenye msumari. "Nimetikisika?" aliniuliza. "Rakel, nimetikisika?" Tulikuwa na kile kiti cha kusukuma, chenye vyuma viwili vya kuteleza, ambacho kila nyumba ya kwetu inacho. Nikampakia nikamsukuma hadi nyumbani peke yangu. Holger alikuja nyuma, polepole, kwa sababu kamera haikutakiwa kutikiswa.

Jikoni nilimvua viatu. Soksi zilitoka kwa sauti ya karatasi. Vidole vilikuwa vyeupe na vigumu, kama mishumaa. Nikaweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na nikampigia simu nesi. Holger alipita nyuma yetu na mfuko wake akashuka chini. Tukasikia mlango wa chumba cha giza ukifungwa. Maumivu yalipoanza kurudi kwenye nyama iliyobaki hai, Tyra aliuma taulo ili asimsumbue.

Nesi alikuwa bado njiani wakati Holger alipopanda ngazi mbio. Sijawahi kumwona akikimbia kabla wala baada ya hapo. Filamu ilining'inia mkononi, inachuruza maji sakafuni.

"Imetoka! Tyra, imetoka! Umesimama kama jiwe. Hata unywele!"

Na Tyra akatabasamu. Miguu iko kwenye beseni, jasho linamtiririka, taulo lina alama za meno, na alitabasamu kwa uso wote kama msichana aliyeombwa kucheza ngoma.

Nilipandwa na hasira. Napenda kusema ilikuwa hasira kwa ajili yake, lakini nadhani ilikuwa ya kujisafisha. Nikasema mbele ya mumewe, "Unamchekea nini? Hakutazami, shoga! Anatazama saa. Alikupa mgongo dakika zote, anakunywa kahawa!"

Holger akasema, "Nimtazame kwa nini? Kamera ndiyo inayotazama." Alisema bila ubaya, kama mtu anayeeleza jinsi mita inavyosomwa. Kisha akarudi chini kuanika filamu yake.

Tyra alinitazama. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kwa muda, halina mwenyewe.

"Ungenyamaza, Rakel," alisema. "Hicho tu ndicho nilichokuwa nacho."

Hospitalini walimkata vidole vitatu vya mguu wa kushoto na viwili vya kulia. Holger alikwenda kumwona mara moja. Alibeba ile picha ndani ya bahasha ngumu akawaonyesha manesi, na manesi wakasema ni nzuri mno. Alimwuliza daktari mkewe ataweza kusimama lini. Daktari alidhani anauliza kama mume, akamfariji, akamwambia kwa fimbo na mazoezi atasimama kufikia kiangazi. "Na kwenye baridi?" Daktari akamwambia miguu ile isiguswe tena na baridi maishani. Holger akashukuru, akachukua bahasha yake, akaondoka kabla ya saa ya kuwaona wagonjwa kwisha.

Tyra hakurudi Kvarnliden. Dada yake, Asta, alimchukua kutoka hospitali moja kwa moja hadi kwake Piteå, pwani. Alinipigia simu nikamkusanyie nguo. Holger alinifungulia, akanionyesha kabati, akasimama nyuma yangu nikifungasha. Nilipofika kwenye koti jeusi alilishika mkono.

"Hilo linabaki."

"Ni la maziko ya mama yake, shemeji. Analitaka."

"Lina kazi," alisema.

Msimu uliofuata tuliijua kazi hiyo. Wavuvi walianza kusema Tyra amerudi, wamemwona barafuni penye kinu. Mimi nilikwenda mwenyewe mchana kuhakikisha. Mti ulikuwa pale pale, na juu yake gunia limejazwa nyasi kavu, limevishwa koti. Kichwa kilikuwa mpira wa soksi uliovutiwa kofia ya sufu. Chini alikuwa amesimamisha vile viatu vya kanisani, visigino vikiwa pamoja.

Januari hiyo Holger alipiga dakika arobaini, halafu saa nzima. Picha zilifanyiwa maonyesho katika maktaba ya mjini. Nyota zilichora duara kubwa angani, na chini yake mwanamke wa koti jeusi amesimama imara kuliko wakati wowote. Watu walijazana. Mama mmoja aliyevaa miwani alimshika Holger mkono. "Saa nzima! Mke wako ana subira ya ajabu, Bwana Wikberg."

"Amejifunza," alisema Holger.

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Wengi wa Kvarnliden walikuwepo, na kila mmoja wetu alijua ni gunia. Mwenye duka alinikonyeza.

Mwezi wa tano nilipanda basi kwenda Piteå. Asta alinifungulia mlango akaniacha nimesimama ukumbini na viatu vyangu kwa muda mrefu kabla Tyra hajatokea. Alikuwa amekonda. Alitembea kwa fimbo, miguu imefungiwa kwenye viatu vipana vilivyojazwa pamba mbele. Alikuwa amepata kazi kwenye jiko la shule, kazi ya kukaa kwenye kiti kirefu. Alinipikia kahawa, akatia ndani vipande vya jibini kama tunavyofanya nyumbani, tukaongelea hali ya hewa na nani amekufa.

Nikamwambia habari za gunia. Nilidhani ana haki ya kujua. Au labda nilitaka tumcheke Holger pamoja, kama zamani.

"Linasimama vizuri?" aliuliza.

"Vizuri sana."

"Basi amepata mke."

Hakucheka, na mimi nikakosa pa kuweka kicheko changu nilichokuwa nimekiandaa. Alizungusha kikombe mezani. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza basi linaondoka saa ngapi, "Nilipoita usiku ule, wewe ulikuwa umeshafika kwenye kamera?"

"Nilikuwa nimefika."

"Ulinisikia."

"Nilikusikia, Tyra."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Ningeweza kusema uongo. Sijui kwa nini sikufanya hivyo. Kwa kawaida mimi si mtu mkweli sana. "Nilikuwa nakunywa kahawa," nikasema. "Holger alinimiminia."

Alitikisa kichwa taratibu. "Ilikuwa na sukari ya kutosha? Niliitengeneza haraka."

Nikasema ndiyo, ilitosha.

"Vizuri," akasema, akanyanyuka kuosha vikombe. Changu kilikuwa bado na nusu ndani. Alikimwaga kwenye sinki akakiosha pamoja na chake, akanipa koti langu. Langoni nilimwambia nitakuja tena kiangazi. Aliniambia basi la saa tisa huwa halichelewi.

Tangu hapo nilimwandikia kila Krismasi. Alijibu mara mbili, kadi zenye jina lake tu. Kwa watu wengine nilisikia kwamba watoto wa shule walimpenda, na kwamba fundi mmoja wa meli za kuvuta alimposa akamkatalia. Walisema pia kwamba kicheko kilimrudia uzeeni, kikubwa kama zamani, mpaka majirani waligonga ukuta. Mimi sikukisikia.

Holger aliendelea kupiga picha mpaka macho yalipokwisha. Ile ya saa nzima bado iko maktabani, ghorofa ya pili, karibu na ngazi. Kibao cha chini kimeandikwa jina lake, mwaka, na maneno "Mke wa mpiga picha". Niliwahi kumwambia msichana wa maktaba kwamba siyo kweli, kwamba lile ni gunia la nyasi. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama nimekuja na mtu.

Tyra alifariki mwaka 1998, mwezi wa tatu. Tulikuwa watu tisa kanisani. Holger alikuwa hai, yuko kwenye nyumba ya wazee, lakini hakuja wala hakutuma ua. Baada ya maziko watu walipanga mstari kumpa Asta pole. Nilipofika mbele yake nikanyoosha mkono. Aliutazama, akaitia mikono yake miwili kwenye mifuko ya koti, akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu.